Kisa cha familia ya Masasi iliyoahirisha safari ya Livingstone kwa miezi sita

Kisa hiki ni cha familia ya watu sita kutoka wilaya ya Masasi, mkoani Mtwara. Nimeondoa majina, nimebadilisha umri kidogo, na kijiji chao sikitaji. Wenyewe wamesomewa maandishi haya na kuridhia yatoke. Kazi yangu ni kusaidia familia na vikundi kupanga safari, na hii niliishughulikia tangu siku ya kwanza, kwa hiyo baadhi ya makosa nitakayoyaeleza ni yangu mwenyewe.

Usuli

Baba ni mwalimu wa shule ya msingi mwenye shamba la mikorosho. Mama ni fundi cherehani na mweka hazina wa kikoba chao. Wanaishi na bibi, mama mzazi wa mama, aliyekaribia miaka 70. Watoto ni watatu: kijana wa kidato cha tatu, binti wa darasa la nne, na binti mwingine wa miaka 12 ambaye ni mtoto wa mdogo wake mama. Huyu wa mwisho amelelewa hapo tangu akiwa mchanga, na nyumbani hakuna anayemhesabu kuwa wa pembeni. Kwa Wamakonde, kama ilivyo kwa Wamakua na Wayao, ukoo hufuata upande wa mama, na mtoto wa dada au mdogo wako wa kike ni mtoto wako. Nalieleza hili mapema kwa sababu ndilo lililokuja kutugharimu miezi.

Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuwa na pasipoti. Baba alikuwa amevuka mto Ruvuma, mpaka wetu na Msumbiji, kwa mtumbwi ujanani, kama wengi wa huku, lakini hakuihesabu kuwa safari ya nje.

Ahadi aliitoa baba mwezi Oktoba, minada ya korosho ilipoanza na bei ikaonekana nzuri. Aliwaambia watoto kwamba fedha za AMCOS, chama cha ushirika wa wakulima, zikiingia, likizo ya Desemba wanavuka mpaka. Novemba fedha zikaingia. Alitenga shilingi milioni 6 na akanifuata.

Wazo la kwanza: Mueda

Bibi alikuwa na jibu lake kabla hata hatujakaa. Alizaliwa upande wa Newala, ambako ukisimama ukingoni mwa Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma na ng'ambo yake Msumbiji. Dada yake aliolewa ng'ambo hiyo, Mueda, na hawajaonana kwa miaka mingi. Kwake yeye, "nje" ilikuwa na mahali pamoja tu.

Nilimkatalia, na baba akaniunga mkono. Tangu Oktoba 2017, mashambulizi yalipoanza Mocímboa da Praia, jimbo la Cabo Delgado, ambamo Mueda imo, halijatulia kiasi cha kupeleka watoto kwa matembezi. Machi 2021 mji wa Palma ulivamiwa. Kabla ya hapo, Oktoba 2020, vita vilivuka hata upande wetu na kijiji cha Kitaya kikashambuliwa. Bibi alisikiliza yote, kisha akasema kwamba dada yake anaishi huko huko siku zote. Sikuwa na jibu la maana. Tukaendelea na orodha.

Mahali pa pili palichaguliwa na kijana: maporomoko ya Viktoria, upande wa Livingstone, Zambia. Alikuwa ameyasoma kwenye jiografia. Kwa upande wangu palifaa: Mtanzania haombi viza kuingia Zambia, barabara inafika, na gharama za basi kwa watu sita zinabebeka kuliko ndege. Niliwaandikia ratiba ya Desemba siku ileile. Hilo ndilo kosa langu la kwanza. Maporomoko yale niliwahi kuyaona mara moja, mwezi Aprili, na sikujiuliza yanakuwaje miezi mingine.

Picha ya dereva

Katikati ya Novemba nilimpigia dereva wa malori anayefanya njia ya Tunduma hadi Livingstone, nikitaka kujua bei za nyumba za kulala. Mwisho wa mazungumzo akaniuliza kwa nini nawapeleka watu msimu huu, akanitumia picha aliyoipiga wiki ile. Upande wa Zambia ulikuwa ukuta wa mawe, na vijito vichache vikidondoka pembeni.

Sababu yake si ngumu ukielezwa. Maji ya Zambezi yanategemea mvua za kaskazini-magharibi ya Zambia na za Angola, ambazo huanza mnamo Novemba. Lakini mvua ile haifiki Livingstone mara moja. Njiani kuna nyanda za mafuriko za Barotse, ambazo huyapokea maji, huyatandaza, na kuyaachia polepole. Ndiyo maana maporomoko hujaa kuanzia Machi hadi Mei, na hupungua kabisa Oktoba na Novemba, hata kuingia Desemba. Upande wa Zambia ukingo wa mwamba uko juu kidogo, kwa hiyo ndio unaokauka kwanza. Maji yaliyobaki huangukia upande wa Zimbabwe.

Tulikaa barazani kwao jioni moja na njia tatu mbele yetu. Kwenda Desemba hivyo hivyo. Kwenda Desemba lakini wavuke daraja la Zambezi kuingia Zimbabwe. Au kusubiri likizo ya Juni, maji yakiwa bado mengi na ukungu wake umepungua kiasi cha mtu kuona.

Baba alitaka kwenda. Maneno yake niliyaandika: "Pesa ya korosho haikai. Ikifika Pasaka imeshaliwa." Naye hakusema uongo. Yeyote aliyeishi Kusini anaujua mwezi wa Desemba: ngoma za unyago, michango ya arusi, ndugu wanaosikia kwamba kwako mzigo umesoma. Baada ya hapo ni palizi na sare za shule. Tena Juni ni kati ya miezi ya kupulizia mikorosho salfa dhidi ya ugonjwa wa ubwiriubwiri, kwa hiyo kuondoka Juni kulimaanisha kuliacha shamba wakati linapomhitaji mwenyewe. Alikuwa na sababu tatu nzuri, nami nilikuwa na picha ya mawe.

Kilichoamua hakikuwa picha. Kilikuwa cheti cha kuzaliwa.

Karatasi za mtoto mmoja

Kila mtu mzima alihitaji kitambulisho cha taifa cha NIDA, na kila mmoja cheti cha kuzaliwa. Bibi hakuwa nacho, akaapa kiapo. Watoto wawili wa nyumbani walikuwa navyo. Binti wa miaka 12 hakuwa na cheti; alikuwa na kadi ya kliniki iliyofifia na jina la baba ambaye familia haijui aliko. Mama yake mzazi yuko Dar es Salaam. Ili apate pasipoti ilibidi kwanza apate cheti, na ili apate cheti ilibidi mama mzazi atume vielelezo vyake. Kisha ilihitajika barua ya ridhaa iliyothibitishwa na wakili, ikisema mtoto anasafiri na mama yake mkubwa, kwenda nchi gani, kwa muda gani. Haya yote yasingewezekana kabla ya Desemba.

Baba alipendekeza binti abaki kwa jirani, apelekwe safari nyingine. Alilisema kwa upole, lakini alilisema mtoto akiwa ndani anasikia. Bibi hakubishana naye. Alisema tu, "Mtoto huyu akibaki, mimi nabaki naye." Mama akafunga daftari lake. Safari ikahamia Juni.

Nimeona familia kadhaa zikikwama hapa, na huwa nasikitika kila mara. Nyumba zetu zimejaa watoto wa kaka, wa dada, wajukuu walioachwa na wazazi waliokwenda kutafuta maisha. Ndani ya nyumba hatuna hata neno la kuwatenganisha. Karatasi ndizo zinazowatenganisha, na kama hukuziandaa mapema, mtoto hulitambua hilo mbele ya afisa asiyemjua.

Jinsi fedha zilivyolindwa

Hofu ya baba kuhusu Pasaka tuliichukulia kwa uzito, na nadhani ndicho tulichokifanya vizuri kuliko vyote. Mama alipendekeza kwamba fedha zigeuzwe haraka kuwa vitu visivyoweza kuombwa wala kukopwa. Pasipoti zililipiwa mapema kila zilipokamilika karatasi: shilingi 150,000 kwa kila mtu, jumla 900,000 kwa watu sita. Wakachanjwa homa ya manjano Mtwara mjini. Kadi yake hudumu maisha, ila chanjo lazima iwe imetimiza siku 10 kabla ya kuvuka. Sehemu kubwa ya zilizobaki iliwekwa benki kama amana ya muda maalumu ya miezi sita, kwa jina la mama.

Februari ukaja msiba wa upande wa baba. Mchango wake ulitakiwa kuwa mkubwa, na amana haikuweza kuguswa. Mama alikopa kwenye kikoba, akarejesha taratibu kwa kushona sare. Baba alinuna siku mbili. Nilidhani safari imekufa, lakini ilipofika Machi pasipoti ya binti ikatoka, na nafikiri kuiona mkononi kulimbadilisha baba. Aliishika kwa muda mrefu bila kusema kitu. Mwezi Mei akaanza kupanga na mdogo wake nani atapulizia mikorosho.

Safari yenyewe

Walikata njia ya Tunduru hadi Songea, wakalala; siku ya pili Njombe, Makambako hadi Mbeya; siku ya tatu Tunduma. Njia ya Dar es Salaam niliikataa kwa sababu ingeongeza jiji zima na siku ya kukaa stendi, na treni ya TAZARA kwa sababu sikuweza kuitegemea kwa tarehe. Bado naona uamuzi wa njia ulikuwa sahihi. Ila niliisahau baridi. Watu wa ukanda wetu hawana sweta, na Njombe mwezi Juni si mahali pa kuvaa kanga na shati la mikono mifupi. Walinunua masweta ya mtumba Makambako, bibi akavaa mawili.

Mpakani, kituo cha Tunduma na Nakonde ni cha pamoja, kwa hiyo taratibu za nchi mbili humalizwa sehemu moja. Afisa aliyatazama majina, akamnyooshea kidole yule binti akauliza huyu ni wa nani. Kabla mama hajafungua mkoba, mtoto akajibu mwenyewe: "Mama yangu mkubwa huyu." Barua ya ridhaa, cheti na nakala ya kitambulisho cha mama mzazi vikatolewa. Hakukuwa na shida baada ya hapo. Mama aliniambia kwamba alitetemeka zaidi kwa jibu la mtoto kuliko kwa swali la afisa.

Nje ya kituo walipoteza fedha. Kijana mmoja mwenye bunda la kwacha, fedha ya Zambia, aliwapa bei nzuri kuliko dukani, akahesabu mbele yao noti zilizokunjwa katikati, kila moja ikahesabiwa mara mbili. Waligundua wakiwa ndani ya basi. Ilikuwa hela ya chakula cha siku mbili. Nilikuwa nimewaonya kwa mdomo, haraka haraka, kwenye simu. Sikuandika kwenye ratiba kwamba wabadilishe dirishani tu na wahesabu wenyewe kabla ya kuondoka.

Kutoka Nakonde hadi Lusaka ni karibu kilomita 1,000, na hapo bibi alichoka. Miguu ilivimba. Ratiba ilikuwa na siku moja ya mapumziko Lusaka. Mama akaongeza ya pili bila kuniuliza, na alifanya vema.

Alfajiri ya kwenda Livingstone nilikosea tena, kwa mbali. Niliandika: "Fikeni stendi saa 11 na nusu alfajiri." Sikuandika saa ya nani. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja. Baba anaiamini saa yake ya mkononi, ambayo ilikuwa bado ya Masasi, hivyo walifika saa nzima kabla. Bibi alikaa juu ya begi, kwenye baridi ya Juni ya Lusaka, amejifunika kila kanga iliyokuwepo. Kila nikikumbuka hilo roho inaniuma.

Na maporomoko? Walikaa Livingstone usiku tatu. Maji yalikuwepo. Yanaanguka kwenye kina cha mita 108, upana wake kama kilomita 1.7, na muungurumo wake waliusikia kabla ya kuyaona. Wakololo waliyaita Mosi-oa-Tunya, moshi unaonguruma. Watoto walikodi makoti ya mvua, wakapita daraja jembamba la waenda kwa miguu lililo mbele ya maporomoko, wakarudi wameloa hadi soksi. Simu ya kijana ililoa pia, ikafa. Bibi hakupita darajani. Alikaa penye kibaraza cha mti, akitazama upinde wa mvua uliokuwa chini yake badala ya kuwa juu, akauliza maji haya yanatoka wapi hata yasiishe. Kijana alimweleza habari za Angola na Barotse. Mama anasema hakuwahi kumsikia mwanawe akizungumza na bibi yake muda mrefu kiasi kile.

Siku ya pili waliingia makumbusho ya Livingstone, yaliyopo tangu 1934. Kuvuka daraja kwenda Zimbabwe walikuacha, kwa kuwa barua ya binti ilitaja Zambia peke yake. Kwa chakula hawakupata tabu: nshima ni ugali, kapenta ni dagaa.

Matokeo

Wote sita walirudi salama, siku ya 14 badala ya ya 12. Fedha zilizidi bajeti kidogo, kwa sababu ya siku za ziada, masweta na zawadi. Zawadi hatukuzihesabu kabisa, ingawa familia ilikuwa imeweka tangazo la safari kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wiki mbili kabla, na kila aliyeliona alitegemea chochote. Shambani, mkupuo wa pili wa salfa ulichelewa kwa wiki moja, na sehemu ya mikorosho ikashikwa na ubwiriubwiri. Baba analihesabu hilo katika gharama ya safari, na ana haki.

Kuna tokeo jingine sikulitarajia. Picha chache zilizopona, za simu ya mama, zilisambaa. Familia moja ya jirani iliziona, ikafunga safari kwa fedha za korosho mwaka uleule, Desemba. Hawakuniuliza mimi wala hawakuwauliza hawa. Waliyakuta mawe yaleyale ya picha ya dereva. Picha zile hazikuwa na mwezi.

Uchambuzi

Kwetu mfuko una msimu wake, na karibu kila mpango wa familia hufungwa kwenye msimu huo: arusi, bati, pikipiki. Safari nayo tuliifunga hapo bila kufikiri. Mimi niliyepaswa kuuliza "huko waendako mwezi huo kuna nini?" sikuuliza, dereva wa lori ndiye aliyeuliza. Sasa hivi swali hilo naliweka mbele ya bei na mbele ya njia, na namtafuta mtu aliyeko huko wiki hiyo, siyo aliyewahi kufika.

Kuahirisha kulifanikiwa kwa sababu mama alitafuta pa kuziweka fedha. Ushauri wa "subirini Juni" peke yake ungekuwa ushauri mbaya, na baba angekuwa sahihi kuukataa. Vilivyosaidia ni pasipoti zilizolipiwa, amana iliyofungwa na kikoba kilichobeba msiba. Ingekuwa familia isiyo na kikoba, amana ingevunjwa Februari. Siamini mpango huu unafaa kila nyumba.

Uamuzi wa kutomwacha binti ulitoka kwa bibi, na bila huo nina hakika tungekwenda Desemba watu watano, tukaona mawe. Lakini sitaki kuutukuza kana kwamba mambo yalijipanga. Binti alisikia pendekezo la kuachwa. Hadi leo, mama anasema, mtoto huyu huuliza kabla ya kila safari, hata ya Ndanda, kama na yeye anaenda. Mazungumzo yale yalipaswa kufanyika watoto wakiwa shuleni, na mimi niliyekuwa nayaongoza ndiye niliyepaswa kuliona.

Makosa madogo ya njiani, yaani saa, kwacha na baridi, yote yalikuwa mambo niliyoyajua. Nilikuwa nayo kichwani, hayakuwa kwenye karatasi waliyoibeba. Ratiba ninazoandika sasa zina mstari wa saa za nchi zote mbili, na mstari wa nguo.

Kuhusu kusimulia safari, kijana aliombwa na mwalimu wake azungumze darasani. Alikuja kwangu kuandaa, na tukakubaliana aanze na picha ya dereva kabla ya picha za mama, kila moja ikiwa na mwezi wake juu. Alieleza pia habari za barua ya ridhaa, baada ya kumwomba ruhusa binti mwenyewe. Wazazi watatu walikuja baadaye kuulizia vyeti vya watoto wanaowalea.

Bibi sijamalizana naye. Pasipoti yake ameifunga kwenye kitambaa, iko ndani ya sanduku pamoja na sanda yake. Nilipokwenda kuwasomea maandishi haya aliitoa, akanionyesha mihuri ya Zambia, kisha akafungua ukurasa unaofuata, ulio mtupu, akaniuliza habari za Mueda. Nilimweleza kwamba hali bado. Akaniambia nisiache kuulizia, basi kila mwezi napiga simu kwa mtu ninayemfahamu Mtambaswala, kwenye Daraja la Umoja linalovuka Ruvuma kuingia Msumbiji, kisha nampelekea bibi jibu nililopewa.